Mgomba wa Berthe

Edmond hakuwa na mke, na hakuwa na kaburi la mke. Hakuwa na shamba, kwa kuwa kakao yake ya Mabalako sasa ilivunwa na watu ambao hawakuipanda. Hakuwa na mtoto. Yule mmoja aliyempata, Paluku, alikufa kwa homa akiwa na miaka minne, akaachwa kulekule kwenye udongo wa Mabalako. Hakuwa na picha ya Berthe hata moja, maana picha zote ziliteketea pamoja na nyumba. Hakuwa na jibu la swali ambalo watu wa Butembo walimuuliza baada ya misa: uko mujane ao uko na bibi? Randa alikuwa nayo, na misumeno miwili, na sauti ya besi katika kwaya ya parokia. Basi.

Simu ilipolia siku ile ya Alhamisi, alikuwa akiranda mlango wa mtu. Namba hakuijua.

— Njo weye Edmond wa Berthe? Menuisier, fundi ya mbao wa Mabalako?

— Njo miye. Weye ni nani?

— Bananiita Kyakimwa. Nilitoka mu pori, iko mwezi moja sasa. Niko Beni, mu Beu, kwa mama mudogo wangu. Niko na habari ya bibi yako.

— Yuko?

Upande wa pili mtoto mchanga alilia, akabembelezwa kidogo, akanyamaza.

— Haiko ya kusema mu telefone, alisema Kyakimwa. Kuya hapa Beni.

Edmond aliweka randa chini. Chini ya bati lilelile, hatua nne kutoka kwake, cherehani ya Ornella ilikuwa imenyamaza. Alikuwa amesikia.

Ornella alikuwa mjane kweli, mwenye kaburi na msalaba. Mumewe aliuawa barabarani miaka mitano iliyopita. Alishona sare za kwaya na za shule, na kwa miaka miwili yeye na Edmond walipanga bati moja, wakagawana makaa ya kupikia chai, wakaimba Jumapili katika kwaya moja. Mambo mengine yalikuja yenyewe. Siku moja mvua iliwafungia ndani, na Ornella akanyoosha mkono kumtoa Edmond vumbi la mbao kwenye nywele. Mkono ule ulikaa pale kidogo kupita kazi yake. Edmond alitoka akasimama nje kwenye mvua mpaka ilipokatika, na aliporudi, Ornella alimwambia kwamba kama anataka kuoga aseme tu, kuna sabuni. Walicheka wote wawili. Hawakuligusa tena jambo lile, na hawakulisahau.

Edmond alikuwa ameapa mbele ya altare. Berthe alichukuliwa na watu wa msitu, waasi wenye bunduki, yeye na wengine sita, siku ya kuvuna kakao, wakati Edmond amekwenda Mangina kununua misumari. Ilikuwa imepita miaka mitatu na miezi minne.

Alipanda gari la Bilali asubuhi ya Ijumaa. Bilali alikuwa dereva wa Beni, Mwislamu mpole aliyebeba abiria, viazi na barua za watu katika safari moja, na siku ile aliona uso wa Edmond, akampa kiti cha mbele.

Kyakimwa alikuwa na miaka ishirini, lakini aliketi kama mama mzee, miguu imenyooshwa mbele, mtoto mgongoni. Alichukuliwa akiwa na miaka kumi na saba, siku ileile na Berthe, ingawa alitoka kijiji kingine. Alisimulia akiangalia chini. Alisema Berthe hakumaliza hata mvua ya kwanza kule porini. Homa ilimshika, akakaa siku nne, akafa.

— Nilimuzika na hizi mikono, alisema. Chini ya muti kubwa. Sikuweza kuweka alama.

— Alisema kitu?

— Alisema uoe. Alisema usikae peke.

Kisha akafungua pindo la kitenge chake, akatoa pete. Ilikuwa pete ya Berthe. Ndani yake palikuwa na mkwaruzo uliofanywa na Edmond mwenyewe alipojaribu kuipanua kwa tupa wiki moja kabla ya ndoa.

Edmond aliishika, akalia kwa muda. Mama mdogo wa Kyakimwa alileta maji. Ili aseme neno lolote, Edmond aliuliza kama Kyakimwa alikuwa na watoto wengine.

— Hapana. Balinichukua sijazala. Huyu njo wa kwanza.

Mtoto akaanza kulia tena. Kyakimwa akamtikisa mgongoni bila kufikiri, kama mtu anavyofukuza nzi.

— Kambale, tulia. Kambale, basi.

Msomaji ambaye si mtu wa kwetu naye aelewe. Kwetu jina la kuzaliwa halichaguliwi, linahesabiwa. Mvulana wa kwanza wa mama ni Paluku, wa pili ni Kambale, na hesabu hiyo ni ya mama, hata akizaa na mwanaume mwingine, hata Paluku akiwa amekwisha kufa. Hakuna mama anayemwita mtoto wake wa kwanza Kambale.

Kyakimwa hakuwa na Paluku. Berthe alikuwa naye.

Mtoto yule alikuwa na miezi minane au tisa. Berthe, aliyekufa miaka mitatu iliyopita, hakuweza kumzaa. Edmond alielewa yote kabla hajataka kuelewa, akiwa ameketi na kikombe cha maji mkononi. Alielewa pia kwamba akiuliza swali moja tu, msichana yule angesema ukweli. Alikuwa amechoka sana kuubeba.

Hakuuliza. Alisema asante, wasingya, Mungu akulipe. Akaondoka bila kumtazama mtoto usoni.

Garini, ujumbe wa Ornella ulimfikia: «Nimekuombea tangu asubui. Sema tu kama niendelee ao niache.»

Aliandika: «Alikufa.» Alifuta. Aliandika tena neno lilelile, akalituma.

Mzee Lusenge, baba yake Berthe, alikuwa akingoja uani kwa binamu zake alikohifadhiwa. Alipoambiwa, hakulia. Alikunywa kahawa yake mpaka mwisho, ndipo akasema kwamba sasa kazi imebaki moja.

Katika ukoo wa Lusenge, mtu aliyepotea bila mwili hazikwi mpaka apatikane shahidi. Shahidi akisema, hukatwa mgomba wenye urefu wa marehemu, huvishwa nguo yake, huwekwa kaburini, na aliyeoana naye humwita jina mara tatu, akimwambia alale. Hapo kilio huisha. Mume ni huru. Lakini jambo hili lina mlango mmoja tu. Aliyeitwa mara tatu ni maiti, hata akirudi kwa miguu yake. Hakuna nyumba ya ukoo itakayompokea, wala hatapewa maji.

— Miye ninazeeka, mukwe, alisema Lusenge. Ninataka nilie mutoto wangu nikingali na macho. Bamukatie mugomba juma ijayo kesho yake ya misa. Weye njo unajua kipimo yake.

— Ndiyo, Baba.

— Na yule mushonaji wako, usiwaze kama sioni. Ni mwanamuke wa heshima. Berthe hangekasirika.

Abbé Siméon, padri wa parokia, naye hakukataa. Alisema ushahidi wa msichana utaandikwa, utapelekwa kwa askofu, na Edmond atatia sahihi kwamba hana sababu yoyote ya kuutilia shaka. Alisema maneno hayo kwa upole, akitafuta kalamu. Edmond alisema angetia sahihi baada ya maziko. Abbé aliona ni busara.

Hivyo kila mtu alikuwa amekubali. Kulikuwa na mtu mmoja tu wa kukataa, na huyo alitaka kukubali kuliko wote. Usinitazame hivyo, alimwambia Kristo wa ukutani. Ninyi wote mmenipa ruhusa. Alijieleza kwamba jina ni jina, kwamba msichana aliyevurugwa na pori anaweza kusahau hesabu. Aliomba aambiwe kwamba amekosea. Hakuambiwa. Aliomba basi aambiwe kwamba hakukosea, ili ajue la kufanya, na hilo nalo hakuambiwa. Alikuwa mtu wa sala tangu ujana wake, na sasa sala ilikuwa kama kupiga simu isiyo na mtandao.

Jumapili ya kwanza, watu walipokwenda kukomunika, kupokea Mwili wa Kristo, Edmond alibaki kwenye benchi. Jumapili ya pili vilevile. Ornella alimsubiri nje.

— Juu ya nini haukomuniki?

— Nilikula asubui, mbele ya misa.

— Ulikula nini?

— Muhogo.

Ornella alimtazama. Kisha akasema nguo ya maziko iko tayari, kitenge cha bluu kama Berthe alivyopenda, na kwamba amemwambia mama yake kuhusu wao wawili. Alilisema hilo la mwisho haraka, akifunga mkoba. Alikuwa amesuka nywele upya. Edmond aliona, na furaha ilimpanda ghafla, kubwa, ya mwili mzima, na nyuma yake ikaja hofu kwa sababu alijua furaha ile ilikuwa inakaa juu ya nini.

Jumatatu asubuhi walipanda kilimani, ukoo, kwaya na majirani. Kaburi lilikuwa limechimbwa. Edmond alichagua mgomba yeye mwenyewe. Hakutumia mita. Alisimama karibu na shina, akaweka alama mahali kichwa cha Berthe kilipokuwa kikifika, chini kidogo ya mfupa wa shingo yake mwenyewe, akakata. Wajukuu wa ukoo, ambao kwa desturi wana ruhusa ya kutania kwenye kilio, walisema huyo bwana alikuwa akipima bibi yake kwa kifua, si ajabu hakuwahi kumshonea nguo ya kumtosha. Watu walicheka kidogo. Wanawake wakauvisha mgomba kile kitenge cha bluu, na kilikaa sawasawa.

Waliuteremsha. Lusenge akasimama kwenye ukingo na fimbo yake.

— Mwite.

— Berthe, alisema Edmond. Lala.

Ornella alikuwa mstari wa pili wa kwaya.

— Berthe. Lala.

Walingoja ya tatu. Edmond alifungua mdomo. Watu walidhani ni machozi, wakampa nafasi. Alifunga mdomo, akafungua tena.

— Mwite, mukwe. Imebakia moja.

— Siwezi, Baba. Ni muzima. Ao alikuwa muzima mbele ya Kyakimwa kutoka mu pori.

— Nani alikuambia?

— Hakuna mutu. Yule binti hajazalaka mbele. Na mutoto wake anamuita Kambale.

Haikuhitaji maelezo. Wanawake walielewa kwanza, na sauti ilipita kati yao, chini, si kilio wala neno. Mmoja aliketi palepale kwenye majani.

— Ulijua tangu lini? aliuliza Lusenge.

— Tangu Beni.

— Siku kumi na moja.

— Siku kumi na moja, Baba.

— Na ungeniacha nimuzike mutoto wangu muzima. Akirudi nimukatalie maji.

— Nilitaka vile. Nilitaka sana. Ilinishinda mu kinywa.

Mzee aliinua fimbo, na hakuna aliyemzuia. Aliishikilia juu, kisha akaishusha, akaiegemea.

— Huyo mutoto, alisema, anafanana naye?

— Sikumuangalia, Baba. Niliogopa.

Lusenge aligeuka akaanza kushuka kilima peke yake. Watu wakatawanyika bila kuagana. Wanawake wawili waliutoa mgomba shimoni, wakauvua nguo, wakaukatakata vipande, wakawatupia mbuzi. Kile kitenge walikikunja, wakamrudishia aliyekishona.

Ornella alimkuta Edmond kwenye atelier, karakana yao, mchana. Hakuketi.

— Juu ya nini hukunyamaza?

— Ornella.

— Nauliza tu. Ulikuwa umenyamaza siku kumi na moja, donc ulikuwa unaweza. Ilikuwa imebakia jina moja.

— Ningekuoa na ile kitu mu kati yetu. Kila siku ningeangalia mulango.

— Ningeziba huo mulango na mugongo yangu, Edmond. Unanijua.

Ornella alianza kukusanya nyuzi zake, rangi kwa rangi.

— Ile muhogo, alisema. Nilijua unadanganya. Mutu hawezi kusahau na kula mbele ya misa jumapili mbili zenye kufuatana. Nilijua kuko kitu, na sikuuliza ya pili. Donc na miye nilinyamaza. Usiniweke mu batakatifu.

— Sikuweki.

— Berthe akirudi, utamuambia juu yangu?

— Nitamuambia.

— Muambie hii nguo nilishona muzuri. Na weye njo ulinipatia kipimo yake, bila kuwaza, kama mutu anasema jina yake mwenyewe. Siku ile nilipaswa kujua.

Aliweka kitenge cha bluu juu ya meza ya kurandia, akaondoka. Juma hilohilo cherehani ilipakiwa kwenye gari la Kasindi, kwa dada yake. Edmond alisaidia kuibeba. Ilikuwa nzito, na waliibeba pande mbili, na hawakusema lolote isipokuwa pole, pole, angalia ngazi.

Alipobaki peke yake, alimpigia Kyakimwa.

— Nilijua utapiga, alisema msichana. Mama mudogo aliniambia: weye umemuita Kambale mbele ya ile bwana. Nilikosa usingizi.

— Njo wake?

— Njo wake. Aliniapisha tukingali mu pori. Alisema: muambie nilikufa, juu nikisema niko muzima, ile bwana ataningoja mpaka anazeeka. Alisema hataki uone alizala na nani. Pete alitoa mwenyewe.

— Na yeye? Juu ya nini hakutoka?

Mlango ulifungwa upande wa pili.

— Tulikimbia bote. Tulifika ku mto, nikavuka na mutoto. Ile kilio ya mutoto ilikuwa inabaongoza. Berthe alirudi nyuma, akakimbilia upande ingine, akiita kwa nguvu bamusikie. Kisha nilisikia masasi. Mbili. Njo yote ninajua, kaka. Ya kufa sikuiona. Ya kupona pia sikuiona.

Edmond alishukuru. Alikata simu, akaketi juu ya mbao. Basi alikuwa amemkatalia Ornella kwa ajili ya risasi mbili ambazo huenda zilimpata Berthe na huenda hazikumpata, na hakuna mtu duniani wa kumwambia. Alikuwa amekwenda upande wa kweli, na kweli haikumpa hata kiti. Abbé Siméon alikuja kumwambia kwamba amefanya vema. Edmond alimjibu kwa heshima kwamba hajioni amefanya vema, anajiona ameshindwa kufanya vibaya, na sasa usiku na mchana ni sawa. Jumapili iliyofuata Abbé alimkomunisha wa kwanza. Hostia ilikuwa na ladha ya karatasi, kama siku zote.

Alipotoka alinunua karatasi na bahasha. Alikuwa amefikiri jambo moja. Berthe, kama yuko, na kama siku moja atatoka, hatakuja Butembo kwa mume aliyeambiwa kwamba amekufa. Atakwenda kwanza mahali alipo mtoto wake. Aliandika juu ya meza ya kurandia, polepole, akipuliza vumbi la mbao kila baada ya mistari miwili.

«Berthe,

Baliniambia nikuzike. Nilikata mugomba, nikaupima ku kifua yangu, nikakuita mara mbili. Ya tatu haikutoka. Ni ile tu. Usisikie batu bakisema nilifanya kitu kubwa.

Kuko mwanamuke nilimupenda. Jina yake Ornella. Sikumugusa, mais nilimupenda, na siku kumi na moja nilitaka ukuwe umekufa. Ninakuambia miye mwenyewe mbele batu bengine bakuambie. Alikushonea nguo. Iko hapa.

Pete yako iko humu ndani. Ulituma niambiwe kama ulikufa. Ninakataa. Haiko juu ya hasira. Tuliapa, na kwa vitu vyote nilikuwa navyo njo hii moja imebakia.

Kambale iko kwa Kyakimwa. Bado sijaweza kumubeba. Baba yako alienda kumuona. Anasema anafanana naye, yeye mwenyewe muzee, masikio. Miye ninaomba nami niweze kumubeba.

Kama unasoma hii, kuya. Kama hausomi, sina kwingine ya kuituma.

Edmond»

Alitia pete kati ya karatasi, akaikunja mara tatu. Gundi ya bahasha ilikuwa imekauka zamani, haikushika. Akachovya kijiti katika gundi ya mbao, ile nyeupe anayounganishia viti, akaipaka ukingoni, akaibana bahasha kwa jiliwa ya meza kama ubao, akahesabu hadi mia.

Gari la Bilali lilikuwa limewashwa tayari kwenye barabara ya Beni, abiria wamejaa.

— Ya nani hii? aliuliza Bilali.

— Ya Kyakimwa, mu Beu, kwa mama mudogo wake. Muambie asifungue. Aiweke tu.

— Aiweke mpaka lini, ndugu yangu?

— Aiweke.

Bilali aliipima mkononi, akasikia uzito mdogo wa chuma ndani. Gundi ilikuwa haijakauka vizuri, ikamnata kidoleni. Akaifuta kwenye suruali, akaichomeka bahasha juu ya kioo cha mbele pamoja na barua nyingine, akaondoa gari.